Nilimrudisha Mama kwenye duka la kijiji: skoni hazifai, kaunta inafaa

Mama aliinua skoni, kile kimkate cha Kiingereza cha kuliwa na chai, akaigonga mezani mara mbili kama anayebisha hodi, akaniangalia. "Hii ya lini?"

Nikamwomba ashushe sauti. Akasema yeye hajapandisha sauti, kelele imepigwa na skoni.

Basi nianzie hapo, maana wengi wenu mtakaofika mtaingia kwa ajili ya chai. Duka lenyewe silitaji jina. Liko kwenye kijiji kimoja cha Oxfordshire, Uingereza, chini ya vilima vya chokaa, mwendo mfupi wa gari kutoka mji wa Wantage. Kijiji hakifiki nyumba mia mbili, wahudumu ni watu wa kujitolea isipokuwa meneja, na skoni huokwa kwa zamu. Nikitaja jina tu, kabla ya jua kuzama itajulikana ile ilikuwa zamu ya nani, na sina haja ya kumkosesha bibi wa watu usingizi.

Jambo jingine, msinichukulie kama hakimu asiye na upande. Niliishi hapo kuanzia 1981 hadi 1984, tangu nina miaka sita hadi tisa. Baba alitoka Tanga kuja kufanya utafiti katika Maabara ya Letcombe, iliyokuwa chini ya Baraza la Utafiti wa Kilimo la Uingereza. Pale walichunguza mizizi. Baba alikuwa na muhindi uliosimamishwa kwenye maji kama mgonjwa, akitazama jinsi mzizi unaokosa hewa unavyojifungulia vijiuwazi ndani yake ili upate kupumua. Alituonyesha kwenye darubini, mzizi uliokatwa kama kipande cha kitunguu, una matundu pande zote. Maabara ilifungwa 1985, mwaka mmoja baada ya sisi kurudi. Leo pamejengwa makazi ya wastaafu. Mama alipita pale akasema wazee wenziwe wamepata bustani nzuri.

Njiani kutoka Didcot, mji wenye stesheni ya treni, alikuwa anatafuta minara ya kupozea maji ya kituo cha umeme. Zamani ukitoka stesheni unaiona sita, minene, inatoa mvuke mweupe mchana kutwa, na Baba alitudanganya kuwa ndiko mawingu ya Uingereza yanakotengenezwa. Mimi niliamini kwa muda mrefu kuliko ninavyopenda kukiri. Ukipanda juu ya kilima popote pale, ukiiona minara unajua nyumbani ni upande gani. Nikamwambia Mama mitatu ilibomolewa Julai 2014 na mitatu iliyobaki Agosti 2019. Akanyamaza kidogo. "Na mawingu je?" Nikamwonyesha juu. Yalikuwepo ya kutosha.

Haya, chai. Skoni mbili kwa kila mtu, jemu ya stroberi, krimu nzito na buli la chai: pauni 8.50 kwa kichwa. Krimu ilikuwa ile yenyewe, imefanya ngozi ya manjano juu. Jemu nzuri, ina vipande vya tunda. Skoni ndiyo iliyoharibu shughuli. Skoni huliwa siku ileile iliyookwa. Ikilala inaanza kuelekea kwenye tofali. Yetu ililala, kisha ikapitishwa kwenye maikrowevu ili itudanganye, ndani inaunguza ulimi na nje haikatiki. Ule ugomvi wa kaunti mbili za Uingereza wa kipi kitangulie, Devon wanapaka krimu kwanza na Cornwall wanapaka jemu kwanza, Mama aliumaliza kwa kuchota vyote viwili na kijiko na kuiacha skoni ilivyo.

Chai yenyewe ilikuja kwenye buli lililovishwa sweta. Mama alilipenda sweta kuliko chai. Yeye chai ni majani yaliyochemkia ndani ya maziwa, iliki na tangawizi, na miaka mitatu ya Uingereza haikumbadilisha. Maji ya moto yenye kifuko anayaita maji ya kuoshea kikombe. Hilo sitawakata maksi. Kwa kipimo chao ilikuwa sawa.

Kilichoniudhi mimi ni mapambo. Chumba cha chai kimepambwa "kijiji cha zamani" kwa nguvu zote: vibendera vya pembetatu vya kitambaa cha maua, mabango ya bati ya sabuni na kakao, mizani ya shaba juu ya rafu, mitungi ya pipi, na dirishani chupa sita za maziwa, kila moja imechomekwa ua la plastiki. Zamani hiyo mimi nilikuwemo, na vibendera sikuviona ila siku ya maonyesho ya kijiji. Nilichokiona ni makaa ya mawe, soksi zilizoloa zikianikwa mbele ya moto, na vioo vya dirisha vilivyoganda barafu upande wa ndani.

Ila chupa zile zilimgusa Mama. Alikaa akizitazama, halafu akasema, "Unamkumbuka mwizi?"

Namkumbuka vizuri, kwa sababu mwizi nilikuwa mimi. Kila alfajiri muuza maziwa alipita na gari lake la umeme, linavuma polepole, chupa zinagongana. Alituachia mbili mlangoni, zimezibwa kwa karatasi ya rangi ya fedha, na krimu imepanda ikakaa shingoni mwa chupa. Ndiyo sehemu tamu. Majira ya baridi ya kwanza Mama akaanza kukuta karatasi imetobolewa na krimu imepungua kiasi cha kidole. Nyumbani mtoto alikuwa mmoja tu. Nilikana nikalia, nikaambiwa machozi hayarudishi maziwa. Hilo likaendelea wiki nzima. Kisha asubuhi moja akaniita dirishani kwa mkono, kidole mdomoni. Juu ya ukingo wa chupa kilikaa kindege kisichojaa kiganja, kofia ya buluu, kifua cha manjano, utepe mweusi umepita machoni kama miwani. Kilipiga karatasi kwa mdomo, tak, tak, kikachana ukanda, kikautupa pembeni kama mtu anayemenya ndizi, halafu kikazamisha kichwa. Kilipoinua uso kilikuwa na ndevu nyeupe.

Ni ndege anayeitwa blue tit. Jirani yetu alicheka sana tulipomhadithia, akasema hata mama yake mzazi aliibiwa hivyohivyo. Kumbe ujanja huo uliandikwa kwa mara ya kwanza 1921 karibu na Southampton, na ndege wakaueneza karibu Uingereza nzima. Dawa yake ilikuwa kumwachia muuza maziwa kikombe cha plastiki cha mtindi afunikie chupa. Mama hakuniomba radhi. Mama zetu hawaombi radhi, wanapika. Jioni ile nilikula chapati za kusukuma nne na hakuna aliyenihesabia.

Sasa, chakula kinachostahili safari ni supu. Kwenye ubao imeandikwa supu ya wotakresi, pauni 6.50 na kipande cha mkate. Niliagiza kwa kubahatisha. Ilikuja ya kijani iliyokolea, viazi vimesagwa ndani yake, na pilipili yake ya asili inayopanda puani taratibu. Mama alionja kwangu kijiko kimoja, akaweka kijiko chini. "Huu mchicha wangu!"

Wotakresi huota ndani ya kijito. Bonde lile lina chemchemi zinazotoka kwenye chokaa, na maji yake hukaa na ubaridi uleule karibu mwaka mzima, ndiyo maana hayagandi hata theluji ikilala pembeni, na majani yanabaki kijani. Watu wa kijiji cha Letcombe Bassett hapo karibu waliyalima kwa biashara miaka mingi. Sisi tulipofika Mama alikuwa na miezi miwili hajaona mboga ya majani isipokuwa kabichi, na kabichi ya shuleni kwangu ilichemshwa mpaka ikakata tamaa. Siku aliyoyaona yale majani mtoni alivua viatu. Nakumbuka koti lake la kahawia, kanga ameifunga kiunoni juu ya koti, amesimama kwenye maji ya Machi anachuma kama yuko Pangani, na mzee mmoja wa kijijini amesimama darajani na mbwa wake, wote wawili wameduwaa. Baba alimkataza tusile mabichi. Kwenye malisho yenye kondoo na ng'ombe majani ya mtoni yanaweza kubeba minyoo ya ini, na yeye hakutaka mtu aingie hospitali kwa saladi. Kwa hiyo tuliyapika kwa kitunguu na kipande cha nazi ngumu ya pakiti aliyoileta kutoka mji wa Reading. Mzee wa mbwa alionjeshwa. Wiki iliyofuata alileta bakuli lake mwenyewe.

Kwa hiyo supu: agizeni. Iombeni ije ya moto kweli, yetu ilihitaji kurudishwa jikoni mara moja, na waliirudisha bila kununa.

Mambo ya safari niyamalize haraka. Maegesho ni magari manne, la tano linakaa kwenye majani na utapata maneno. Choo ni kimoja, kisafi, mlango wake haufungi mpaka uunyanyue. Mbwa wanaruhusiwa ndani, tena wanahudumiwa maji kabla yako, kwa hiyo mwenye kuogopa mbwa akae meza za nje. Jikoni linafungwa saa tisa alasiri, na wanaposema saa tisa wanamaanisha saa tisa kasorobo.

Ukiegesha, mbele yako kuna nyumba yenye madirisha marefu na kengele juu ya paa. Ilikuwa shule yetu, leo ni ya mtu. Humo ndani, kila Desemba kwa miaka mitatu mfululizo, kwenye igizo la kuzaliwa kwa Yesu nilikuwa mfalme wa mashariki. Hakuna aliyeshindana nami kwa nafasi hiyo, mnaelewa sababu. Nilivaa taji la karatasi ya dhahabu na kubeba manemane, ambayo ilikuwa chupa ya shampuu. Bikira Maria siku zote alikuwa binti wa mwenye baa. Nilipolalamika nyumbani kwamba nataka angalau kuwa malaika, Baba alijibu kuwa mtoto wa Kiislamu kupewa ufalme kanisani si haba, nishukuru.

Pembeni ya shule pana ile nyumba ya simu nyekundu iliyosanifiwa na Giles Gilbert Scott mwaka 1935. Siku ya Idd tulijipanga humo watatu, koti kwa koti, Baba na rundo la peni kumi kumi, kumpigia bibi Tanga. Sarafu zilimezwa kwa kasi kiasi kwamba Bibi alisalimia na kuaga kwa pumzi moja. Simu ilishang'olewa. Kampuni ya simu ya BT iliviruhusu vijiji kuvichukua vibanda hivyo kwa pauni 1, na hiki sasa kina mashine ya kushtua moyo uliosimama. Mama akasema hata zamani mtu akitoka humo alikuwa na mshtuko wa moyo, wa bili.

Nimetaja paa? Nyumba tatu kati ya zinazotazama duka zina paa la nyasi. Mwaka 1981 Mama alidhani tumepangishwa katika mtaa wa maskini. Aliandika nyumbani kwamba Uingereza nako watu hawajafikia mabati. Ilibidi jirani amweleze kuwa fundi wa paa lile ni ghali, bima yake ni ghali, na wenye nazo ndio hao matajiri. Barua ya kusahihisha hakuiandika. Hadi leo kuna shangazi zangu wanaamini.

Sasa nije kwenye kaunta, maana hapa ndipo ningekuja hata kama chumba cha chai kingefungwa kesho.

Ukitoka chumba cha chai unashuka ngazi moja, unaingia dukani. Ni palepale palipokuwa posta na duka zamani zetu. Mwenye posta alikuwa mama mmoja mrefu, miwani imefungwa kamba shingoni. Kila Jumatano Mama alipeleka kwake barua ya anga, ile karatasi ya buluu inayokunjwa ikawa bahasha. Kwanza yule mama alikuwa akisoma anwani kwa sauti, "Tan-ga", kisha akawa anauliza habari za waliomo: mama mkwe amepona mguu? Mdogo wako amejifungua? Barua ikija kutoka huku alimwomba Mama stempu yenye twiga amwekee mjukuu wake. Kiingereza cha Mama kilijengwa kwenye ile kaunta, robo saa kila Jumatano. Mimi ilikuwa Jumamosi: nusu peni zangu kwa pipi za Black Jack zinazofanya ulimi mweusi, na Mama robo ratili ya pipi za umbo la pea, nusu waridi nusu manjano, zenye harufu ya rangi ya kucha. Zilipimwa kwenye mizani ya shaba na kumiminwa kwenye kifuko cha karatasi, kikazungushwa pembe zake mbili mpaka zikasimama kama masikio.

Posta ilifungwa katika lile wimbi la 2007 hadi 2009 lililoondoa matawi kama 2,500 nchi nzima. Duka lilifuata, maana watu walikuja kwa stempu wakaondoka na mkate. Kijiji kikakaa miaka miwili bila hata pa kununua kiberiti, halafu wakachanga. Waliuza hisa kwa wenyeji, kura moja kwa kila mwenye hisa awe na moja au mia, wakalikomboa. Vijiji vingi vimefanya hivyo, na iko taasisi iitwayo Plunkett, ya tangu 1919, inayovisaidia kwa ushauri.

Hapo kaunta hapana vibendera. Kuna mayai ya kijijini kwenye trei, bei imeandikwa kwa penseli. Kuna vifurushi vya watu vimepangwa kwa herufi. Kuna kikapu cha dawa za wagonjwa zilizoletwa kutoka duka la dawa la mjini, kila mfuko na jina. Wakati tumesimama akaingia kijana kununua gundi, akaulizwa habari za baba yake, akajibu, akaulizwa tena, kwa sababu jibu la kwanza halikutosha. Akaondoka na gundi, dawa ya baba na mayai sita asiyoyaomba. Mama alinifinya mkono. "Ni yuleyule," akasema, akimaanisha yule mwenye posta, ingawa aliyekaa pale alikuwa mzee mwanamume mwenye kipara na kifaa cha kusaidia kusikia.

Kisha akaenda mbele, akaweka pochi juu ya kaunta kama zamani, akasema kwa Kiingereza chake cha Jumatano kwamba anataka robo ratili ya zile za pea.

Mzee akamwambia pipi sasa zinauzwa kwenye vifuko vilivyofungwa, pauni 2.80. Mama akasema hakuuliza vifuko. Mimi nikaanza kutazama dari. Mzee akamwangalia, akaondoka bila neno, akarudi kutoka chumba cha chai ameshika mtungi mmoja wa mapambo na ile mizani ya shaba ya juu ya rafu, ina vumbi mpaka kwenye mnyororo. Akaipangusa kwa aproni. Akaeleza kwamba tangu 2000 sheria inamtaka auze kwa gramu, kwa hiyo atapima mara mbili: kwa shaba kwa heshima ya bibi, na kwa mizani ya umeme kwa heshima ya serikali.

Mtungi ulifunguka kwa shida. Pipi zilikuwa za kweli na hazikuwa zimekaa sana. Ikabidi nirudishe moyoni baadhi ya maneno niliyoyasema juu ya mapambo. Akaweka jiwe la wakia nne, ndiyo robo ratili, upande mmoja, akamimina pipi upande wa pili, mojamoja mwishoni, mpaka sahani zikalingana. Mama alikuwa ameinama, macho yakiwa sawa na sahani. Kisha mzee akazihamishia kwenye mizani ya umeme.

Ilitakiwa kusoma gramu 113. Ikasoma 109.

Mzee akarudia. 109. Akageuza jiwe, akalipuliza, akapima mara ya tatu. Imepungua pipi moja kamili. Nikamfasiria Mama, ingawa alishaelewa.

"Hii ndiyo mizani yake? Yule mama?"

Ndiyo yenyewe, mzee akasema, iliuzwa pamoja na duka. Na mwenyewe? Akaonyesha kwa kidevu upande wa kanisa, nyuma ya ukuta, kwenye makaburi.

Mama akahesabu kwa vidole juu ya kaunta, midomo inacheza. Jumamosi 52, mara miaka mitatu. Akasema ni pipi 156, na kwamba huko kanisani hawezi kwenda kudai.

Mzee akachukua pipi moja kutoka kwenye mtungi, ya waridi, akaitia kwenye kifuko, akakizungusha mpaka masikio yakasimama.

"Zimebaki 155," Mama akamwambia, akalipa.